Fundi, Mwali na Mwanagenzi: Lugha na Elimu ya Ufundi kwa Wasichana wa Usambara

1.0 Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jambo ambalo wataalamu wa elimu hulipitia kwa haraka, na wataalamu wa lugha huwaachia wataalamu wa elimu: nafasi ya maneno katika elimu ya ufundi ya wasichana. Mfano tutakaoutumia ni ule wa milima ya Usambara, mkoani Tanga, na hususan Lushoto na vijiji vinavyoizunguka. Hoja yetu ni kwamba kazi isiyokuwa na jina la ufundi ni vigumu kuitungia mtaala, ni vigumu zaidi kuitolea cheti, na ni rahisi mno kuilipa ujira duni. Kazi nyingi wanazozifanya wasichana wa milima hii zimo katika kundi hilo.

Barabara ya kilometa zipatazo 33, inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, huteremsha mazao ya milimani kila siku: kabichi, karoti, viazi mviringo, mapeasi. Huteremsha pia wasichana. Wengine wamemaliza darasa la saba, wengine wameliacha njiani, na wote huenda Tanga, Dar es Salaam au Arusha kufanya kazi katika nyumba za watu. Katika miji hiyo, kusema kwamba fulani ameletewa msichana kutoka Lushoto ni kauli isiyohitaji maelezo. Aliyewahi kukaa Dar es Salaam anaifahamu. Msichana huyo hupika, hufua, hupiga pasi, humlea mtoto mchanga na pengine humuuguza mzee wa nyumba. Lakini ukimuuliza mwajiri wake kwamba huyu ni nani, jibu litakuwa ni jina la mahali au la udugu: ni hausigeli, ni msichana wa kazi, ni dada. Hatujapata kumsikia mwajiri akisema kuwa ni fundi.

2.0 Fundi ni Nani?

Neno fundi halikutoka mbali. Limo katika ukoo mmoja na kufunda, kufundisha, kufunza, funzo na mwanafunzi. Ukoo huu una sifa ya pekee, kwa kuwa unamweka pamoja anayefundishwa useremala na anayefundwa unyagoni. Kungwi humfunda mwali. Fundi humfunza mwanagenzi. Katika fikra za walioiunda lugha hii, kumwelekeza kijana kazi ya mikono na kumwelekeza msichana namna ya kuishi na watu lilikuwa tendo moja, lenye mwalimu anayejua, mwanafunzi asiyejua, muda uliowekwa, na ushahidi wa watu mwishoni kwamba mafunzo yamekamilika. Hata siri ilikuwapo pande zote mbili: mhunzi hakufua chuma mbele ya kila mpita njia.

Hata hivyo, tukichunguza namna majina ya kazi yanavyoundwa katika Kiswahili cha leo, tunakuta mgawanyiko ambao haukuelezwa ipasavyo. Kazi zinazohesabiwa kuwa za wanaume aghalabu huitwa kwa neno fundi likifuatwa na jina la kitu au la kazi: fundi seremala, fundi mwashi, fundi bomba, fundi umeme, fundi magari, fundi saa. Kazi zinazohesabiwa kuwa za wanawake huitwa kwa jina la mtenda lililotokana na kitenzi: mpishi, msusi, mfinyanzi, mkunga, mlezi. Ni kweli kwamba mhunzi na mvuvi nao ni majina ya mtenda, na ni wanaume. Hatudai kwamba hii ni kanuni ya sarufi. Tunachosema ni kwamba neno fundi hujitokeza kwa urahisi mbele ya mwashi, ilhali mbele ya mfinyanzi au mlezi huleta ugeni masikioni. Na ugeni huo una gharama. Fundi hupatana bei kabla hajaanza kazi, na hudai chake akimaliza. Mlezi hupewa anachopewa.

Lipo neno moja linalovuka mpaka huu, nalo ni fundi cherehani. Cherehani lenyewe lilitufikia likiwa na asili ya Kiajemi, katika neno lenye maana ya gurudumu, na fundi wake aweza kuwa mwanamume au mwanamke bila ya mtu yeyote kushangaa. Katika baraza za maduka ya Lushoto, Soni na Mlalo utawakuta wote wawili, kila mmoja na mashine yake ya kukanyaga. Pengine ndiyo sababu ushonaji umekuwa jibu la kwanza, na mara nyingi la mwisho, kila inapoulizwa wasichana wa vijijini wafundishwe nini. Ni fani pekee ya kike iliyokuwa tayari na jina la kiume.

3.0 Ufundi wa Wasichana Usambara: Mapito yake

Kabla ya wageni, milima hii ilikuwa na mafundi wake wa kike. Vyungu vilifinyangwa na wanawake, na mama alimrithisha bintiye elimu ya kuutambua udongo ufaao, kuukanda, kuujenga kwa mkono bila ya gurudumu na kuuchoma. Ujuzi huo haukupungukiwa na chochote kinachodaiwa leo katika mafunzo ya ufundi: malighafi, vifaa, hatua za kazi, vipimo vya ubora, soko. Lakini hapakuwa na shule iliyouita ufundi, na hata leo mfinyanzi wa Usambara hujulikana kama mama anayeuza vyungu sokoni.

Wamisionari wa Kilutheri wa jumuiya ya Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, kisha wakaenea Mtae, Vuga, Lutindi na Bumbuli. Katika vituo vyao kazi ya mikono ilithaminiwa. Vuga palikuwa na kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya Kisambaa na vya Kiswahili, na uchapaji ulikuwa ni ufundi wa wanaume. Wasichana walifundishwa kusoma, kushona na utunzaji wa nyumba. Bondeni, katika mji wa Tanga, shule ya serikali ya Kijerumani iliyoanza katika miaka ya 1890 ilikuwa na karakana, na waliofunzwa humo walikuwa wavulana.

Upande wa Waanglikana picha ni ileile, ila imechorwa waziwazi zaidi. Huko Mbweni, Unguja, Caroline Thackeray aliwasili mwaka 1877 na kuiongoza shule ya wasichana waliookolewa utumwani. Waliofanya vizuri katika vitabu waliandaliwa kuwa walimu. Walioonekana hawawezi waliwekwa katika tawi la kazi za mikono: kufua, kupiga pasi, kushona, kulima. Baadhi ya wasichana wa Mbweni waliolewa na walimu wa misheni na kupelekwa bara, hata Magila, chini ya Usambara ya Mashariki. Hivyo basi, katika mwambao wetu elimu ya ufundi kwa msichana ilizaliwa ikiwa ni fungu la aliyeshindwa kusoma. Hatuna budi kukiri kwamba haijalivua vazi hilo. Hadi leo mzazi akiambiwa kwamba bintiye ameenda chuo cha ufundi, huuliza kwanza kama alifeli.

Kipindi cha Waingereza kinatupatia funzo la aina nyingine. Mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946, na baadaye kupanuliwa kuwa Mpango wa Usambara, uliwataka wakulima kujenga matuta katika mashamba ya miteremko. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wa Usambara, ameeleza jinsi amri hiyo ilivyopingwa hadi ikaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi ya jembe ilikuwa zaidi mikononi mwa wanawake, na elimu ya udongo ilikuwa vichwani mwao. Hata hivyo, mabwana shamba walizungumza na wanaume, kwa maneno waliyokuja nayo wenyewe. Mradi wa kuhifadhi udongo na kuchanganya miti na mazao ulioanza Lushoto mwaka 1981, maarufu kwa jina la SECAP, ulilazimika kuanza upya kujenga imani iliyovunjwa na matuta yale.

Baada ya Uhuru, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililiinua jembe na nyundo hadi katika falsafa ya taifa. Shule za sekondari zikagawiwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Kwa jinsi ilivyotokea, sayansikimu ikawa makao ya wasichana. Sheria ya mafunzo ya ufundi ilitungwa mwaka 1974, na ile ya mwaka 1994 ikaunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ijulikanayo na wote kama VETA. Neno stadi, ambalo asili yake ni lile lile ustadhi, liliongezwa ili kuutofautisha ufundi huu na ule wa vyuo vya juu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kikiwamo kile cha Kiwanda wilayani Muheza, vilichukua njia ya tatu: kumpokea mtu mzima jinsi alivyo, bila ya kumdai cheti cha shule.

4.0 Lugha Nne na ya Tano

Wanaozungumzia jamii zilizo pembezoni katika Usambara hawana budi kuanza na Wambugu. Hawa ni wafugaji wa ng'ombe wa asili, waliozoea kukaa katika nyanda za juu, katika sehemu kama Magamba na Rangwi, kando ya Wasambaa waliokuwa wakulima na walioishi chini ya utawala wa Wakilindi. Misitu ya juu ilipotengwa na serikali ya kikoloni, na ardhi nyingine kupewa walowezi, malisho yao yalipungua. Kwa wanaisimu Wambugu ni maarufu kuliko wanavyojua wenyewe. Tangu Meinhof alipoandika juu ya lugha yao mwaka 1906, hadi Maarten Mous alipochapisha uchunguzi wake mwaka 2003, swali limekuwa jinsi jamii moja inavyoweza kuwa na sarufi moja ya Kibantu na misamiati miwili: mmoja unaokaribiana na Kipare, na mwingine, ule wa ndani, uliojaa maneno ya asili ya Kikushi.

Sasa tumchukulie msichana wa Kimbugu anayetaka kujifunza ushonaji. Nyumbani ana misamiati miwili, ambayo tukiihesabu kama lugha mbili hatutakuwa tumekosea sana. Sokoni na kwa majirani anasema Kisambaa. Shuleni alifundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba. Msichana huyu ana utajiri wa lugha ambao maprofesa wengi hawana. Kisha anafika chuoni na kukuta kitini kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tano, ambayo kwa shule ya msingi ya kijijini ilikuwa ni somo tu, tena gumu. Mwalimu hutamka neno la kitini, hunyamaza, kisha hueleza kwa Kiswahili kile kilichokusudiwa. Katika ukimya huo mfupi ndimo wasichana wengi wanamoamua kwamba hawana akili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba fani hii haikuwa na haja ya maneno ya kuazima. Ushonaji ni katika fani zenye msamiati mpana na mkongwe katika Kiswahili. Mafundi wa kanzu wa mwambao walikuwa na bitana, yaani kitambaa cha ndani. Taharizi, yaani kipande kinachoongezwa ubavuni mwa kanzu. Upindo, marinda, kishikizo. Na kudarizi kwa kazi ya nakshi. Fundi wa Lushoto huongeza maneno yake: bobini, kola, na kifungo badala ya kishikizo, ingawa kifungo hicho hicho humpeleka mtu gerezani. Maneno haya yanajulikana barazani. Kwenye kitini hayamo. Msichana anayejifunza barazani huondoka na maneno asiyoweza kuyaandika katika mtihani, na anayejifunza chuoni huondoka na maneno asiyoweza kumwambia mteja.

Taasisi zetu za lugha haziwezi kujitoa katika lawama hii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. BAKITA lilitoa orodha nyingi za istilahi katika mfululizo wa Tafsiri Sanifu tangu miaka ya 1970. Kazi hizo ni za kujivunia. Lakini aliyekuwa akifikiriwa, tukisema kweli, alikuwa mwanafunzi wa maabara na karani wa ofisi. Fundi alidhaniwa kuwa atajitafutia. Kwa upande wa Kisambaa, Ruth Besha alichapisha msamiati uliopangwa kwa mada mwaka 1993. Kazi ya namna hiyo yaweza kumsaidia mtunga mtaala kuyapata maneno ya vyungu, ususi na mapishi kutoka katika lugha ya mama ya mwanafunzi, endapo angetokea mtunga mtaala wa kuyatafuta.

Suala hili limepata uzito mpya. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Neno amali si geni: kwa Kiarabu ni kazi au tendo, wazee wetu wamelitumia kwa matendo ya ibada, na Zanzibar imekuwa na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali tangu mwaka 2006. Ni neno zuri, kwa sababu halina jinsia. Mpishi ana amali sawasawa na mwashi. Wasiwasi wetu ni kwamba, kwa kuuweka ufundi ndani ya sekondari, ambako lugha ya kufundishia imebaki Kiingereza, tumeupandisha hadhi ufundi na wakati huohuo tumeuondoa katika lugha ambayo wasichana wanaijua. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka mmoja mapema kuliko kaka na dada zao, na kuingia sekondari wakiwa na mwaka mmoja pungufu wa kukizoea Kiingereza kama somo.

5.0 Umri, Ndoa na Cheti

Tusijidanganye kwamba maneno pekee ndiyo yanayomzuia msichana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2019. Kwa wale waliopata ujauzito, mlango wa shule ulifungwa kwa miaka mingi, hadi serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wanaruhusiwa kurudi. Katika miaka ile ya mlango kufungwa, ufundi ndio ulioelekezwa kwao kama badala ya shule. Tunarudi tena Mbweni: ufundi kama fungu la aliyeondolewa kwenye vitabu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilifanya jambo la maana zaidi vilipowapokea mama vijana pamoja na watoto wao na kuweka mahali pa kuwalelea watoto hao wakati mama yuko darasani.

Kuhusu cheti, VETA imekuwa na utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunza kazi nje ya vyuo: fundi hupimwa kazini, hujaziwa mapengo, kisha hutunukiwa cheti. Neno la kale mwanagenzi nalo limefufuka katika uanagenzi, yaani mafunzo yanayogawanywa kati ya chuo na mahali pa kazi. Taratibu zote mbili zingemfaa sana msichana wa baraza la cherehani kule Mlalo. Lakini hupimwa kile tu chenye jina katika orodha ya fani.

6.0 Kazi Inayongoja Jina

Tumalizie pale tulipoanzia, kwa msichana anayeteremka Mombo. Chama cha wafanyakazi CHODAWU kimekuwa kikiwasemea wafanyakazi wa majumbani, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 juu ya kazi hiyo mwaka 2011. Kutokana na harakati hizo tumepata istilahi mfanyakazi wa nyumbani, iliyo bora mara mia kuliko hausigeli. Lakini tuitazame kwa jicho la isimu. Inataja mahali kazi inapofanyika, haitaji ni kazi gani. Hakuna anayemwita fundi magari "mfanyakazi wa gereji" anapomsifu.

Ndani ya kazi hiyo moja mna amali nne au tano. Upishi unafundishwa vyuoni na una ngazi zake. Udobi ulikuwa ufundi wa wanaume wenye maduka mijini, ukaitwa kwa jina lake na kulipwa kwa kila nguo. Msichana anapoufanya uani, jina hupotea. Uuguzi wa mzee nyumbani haujapata neno. Na ulezi wa mtoto mchanga, ambao ndio mgumu kuliko yote, una neno yaya, lenye heshima katika nyumba chache na dharau katika nyingi.

Juu kabisa ya ukingo wa milima, huko Irente, kilometa chache kutoka mjini Lushoto, pana makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao, yanayoendeshwa na Walutheri. Humo wasichana wamekuwa wakifunzwa malezi kwa nadharia na kwa vitendo: kumwogesha mtoto, kumlisha, kuitambua homa mapema, kumchezesha ili akili ikue. Msichana anayetoka hapo anajua kazi ambayo mhitimu wa chuo kikuu hulazimika kumpigia simu mama yake kuuliza. Akishuka Mombo na kuajiriwa Dar es Salaam, anaingia nyumbani kwa mlango uleule anaoingia asiyejua lolote, anaitwa dada, na aghalabu hulipwa sawa na mwenziwe. Mlezi stadi, fundi malezi, mwamali wa malezi: tumeyajaribu majina haya mbele ya wanafunzi wetu wa isimu, nao wamelicheka la pili na kulikataa la tatu. La kwanza walilinyamazia kidogo, kisha mmoja akauliza kama huyo angelipwa kiasi gani.